Minazi ya Igombe

Jumatatu ile nusu ya darasa hawakuja.
Bwawa la Igombe limepasuka, watu walisema,
na picha ilikuwa kwenye kila simu, Isevya mpaka Ng'ambo:
maji ya kahawia, paa la bati linaelea,
mwanamke na godoro kichwani kama anayehama dunia.
Chini yake: TUMA KWA WATU KUMI, OKOA MAISHA.
Mama mwenye nyumba wangu alituma kwa arobaini,
kisha akampandisha mbuzi kitandani.

Niliingia darasani na simu moja, ya kwangu,
kioo kina ufa, chaji asilimia ishirini na mbili.
Sikusema ni kweli. Sikusema ni uongo.
Nilisema: itazameni
kama mnavyohesabu chenji kabla ya kutoka dukani.

Ishirini na tatu, vichwa vikagongana.
Maganga aliona maji.
Milembe aliona maiti, na maiti haikuwapo,
ila hofu ina macho yake yenyewe.
Ndipo Kalekwa wa dirishani,
asiyenyoosha kidole tangu Januari,
akasema taratibu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni:
"Mwalimu, hii minazi ni ya nani?"

Minazi.
Tuliihesabu. Kumi na saba.
Sisi tuna miyombo, tuna mininga wanayoiiba usiku,
na mnazi mmoja uko kwa padri, haujawahi kuzaa.

Baada ya hapo hawakushikika.
Gari la polisi, usukani uko kushoto!
Bango la duka, herufi zake hakuna azijuaye!
Na mpiga picha, akauliza Maganga,
yeye alisimama juu ya nini?
Shija akasema ana mjomba Igombe, anavua perege.
Tukampigia kwa salio langu.
"Bwawa?" akasema mjomba. "Nimekaa ukingoni mwake.
Kwani nyinyi mmesikia nini?"

Hapo ningenyamaza.
Lakini mwalimu akishangiliwa hupata maradhi ya mifano.
Habari, nikawaambia, nikiipenda sauti yangu,
ni kama asali ya Sikonge.
Chovya njiti ya kiberiti, iwashe.
Ikiwaka, ni asali. Ikigoma, umeuziwa sukari.

Kidole cha Kalekwa, mara ya pili mwaka huu:
"Umewahi kujaribu?"

Sikuwahi.
Niliambiwa na baba.
Baba aliambiwa ndani ya treni, mahali fulani baada ya Itigi,
na mtu aliyekuwa akiuza asali.

Darasa lilicheka mpaka mkuu wa shule akachungulia.
Mimi pia nilicheka, ila masikio yalikuwa ya moto.
Miaka kumi na minne nimeisambaza njiti ile,
harusini, kilabuni, kwa wageni kutoka Dodoma,
na hakuna aliyeniambia nitume kwa watu kumi.
Nilituma mwenyewe.

Kesho yake alileta chupa mbili, amezifunga kwa kitenge:
moja ya mizinga ya babu yake,
moja kaipika mwenyewe, sukari na maji na ndimu.
Tulizima feni, tukawasha.
Zote mbili ziliwaka.
Ya sukari iliwaka upesi zaidi.

"Sasa tutaijuaje asali?" Milembe akauliza,
na swali lile bado liko ubaoni, pembeni,
nimelizungushia mstari ili wa zamu wasilifute.
Mwingine alisema tumuulize mrina, siyo muuzaji.
Mwingine, tuwaulize watatu wasiofahamiana.
Kalekwa alikuwa analamba kidole.

Mbuzi alishuka kitandani Jumatano.
Nilimweleza mama mwenye nyumba habari ya minazi,
akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema duh.
Nikamuuliza: na wale arobaini, umeshawaambia?
Alilitazama godoro lake, limejaa vinyesi,
akasema bando limekwisha.