Kwa Mulinge

Karani anasema kompyuta haipajui.
Ameandika kwa herufi kubwa, akaandika kwa ndogo,
akanigeuzia kioo nijionee: hakuna.
"Taja pengine pa karibu, mama. Njiru. Ruai."

Mwanangu, pana historia, ila ni fupi,
haifiki hata urefu wa foleni iliyo nyuma yangu.

Palikuwa mkonge, mistari hadi mtoni.
Kabla ya mkonge, ng'ombe wa Wamaasai, lakini hayo
hatukuachiwa mtu wa kuyasimulia. Tuliachiwa mifupa,
ikaibuka siku ya kuchimba choo cha shule.

Mzungu wa mkonge alimweka Mulinge wa Ndambuki
alinde mfereji. Mfereji mmoja, wa shaba,
kufuli, na ufunguo uliomning'inia kifuani.
Wanawake wakiulizwa waendako na madebe
walijibu: kwa Mulinge.
Basi. Jina halikuzaliwa kwa sherehe,
lilizaliwa kwa kiu.

Mzungu akauza, ikaja kampuni ya hisa.
Hisa moja, shilingi mia tatu.
Baba alichonga mawe timboni miezi kumi na minne
kuzipata hizo mia tatu.
Nenda mjini, gusa ukuta wowote wa kijivu:
huenda umemgusa mgongo.

Siku ya kura vikaratasi vilitiwa
katika kofia ya Gathirimu, mweka hazina.
Mama akachota themanini na nane: mwamba mtupu.
Alicheka hadi akakaa chini.
"Tumeuza mawe, tukanunua jiwe!"

Mulinge hakuwa na hisa. Alikuwa na ufunguo.
Alisimama kando ya ua akitazama watu
wakigawana mahali penye jina lake,
na saa kumi ilipofika akaenda kufungua maji
kama kawaida.

Alikufa mwaka wa mvua ya Elnino,
timbo limejaa hadi mdomoni, bata wakiogelea
palipokuwa ngazi za baba.
Azikwe wapi? Kila mtu alikumbuka ploti yake ni ndogo.
Mama akasema: kwangu, pembeni, kama mtaweza.
Wachonga mawe tisa, siku tatu,
patasi na nyundo, usiku kwa taa ya karabai.
Nilikuwa mjamzito, niliwapelekea uji.
Sijaona kaburi lenye kuta zilizonyooka vile.

Sasa barabarani kuna bango,
jina la Kizungu lenye bustani ndani yake,
na nyuma ya bango hakuna hata mchicha.
Kijana mwenye viatu safi huja kila mwezi
kuuliza bei ya themanini na nane.
Humwonyesha kaburi. Huandika kitu, huondoka.

"Mama, andika Ruai tu, twende,"
binti yangu amenivuta mkono. Kitambulisho ni chake.
Nikaandika Ruai.

Mfereji ulikauka zamani. Ufunguo
uko kwenye kopo la sukari, umeota kutu.
Jioni nampigia mwenye boza: lita elfu tano.
"Wapi?"
Kwa Mulinge.

Hakuuliza ni wapi. Aliuliza tu
kama siku hizi lango letu
linapitisha lori.