Mfagizi

Vitabu vyote vya maabara vinasema: askari.
Seli nyeupe ni askari, mwili ni ngome,
kidudu ni adui, na kadhalika.
Mimi nimezaliwa kambini, Naguru,
Kiswahili hiki nilikiokota kwenye vibanda vya mabati vya polisi.
Askari nawajua: wana zamu, wana posho, wanapiga saluti.
Nilichokiona leo chini ya darubini
hakikupiga saluti.

Kilikuwa kinafagia.

Makohozi ya Nabakooza, miaka hamsini na sita,
mfanyakazi wa barabara. Sikuandika: mama yangu.
Fomu haina nafasi hiyo.
Saa kumi usiku huwa ameshafika Kibuye,
fulana ya njano, ufagio wa fito, leso puani.
Anasogeza vumbi jekundu hadi ukingoni;
lori la kwanza la mchanga linapita, linamrudishia.
Anafagia tena. Hajawahi kulitukana lori.
Ng'ambo ya mtaro kuna mtu anachoma kaveera
pamoja na maganda ya matoke,
moshi mzito, wenye harufu ya nywele zilizoungua.

Sasa njoo ndani.
Unywele mmoja, ukiupasua mara thelathini,
ndipo utapata wembamba wa chembe hii.
Inapita puani, inapita kooni,
vile vinyweleo vya njiani vimechoka kupunga,
inateremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pumzi,
na huko yupo, mfagizi wa ndani, peke yake.
Hana toroli. Tumbo lake ndilo toroli.
Akikuta kidudu anakimeza, anakiyeyusha, yamekwisha.
Akikuta punje ya masizi anaimeza pia,
hakufundishwa kuchagua.

Masizi hayayeyuki.

Nilihesabu seli mia moja.
Ya kwanza, madoa mawili. Ya nne, safi, nikafurahi kama mjinga.
Ya tisa, weusi umetanda mpaka kiini kimesukumwa ukutani
kama mpangaji aliyechelewesha kodi.
Baada ya hapo niliacha kuandika idadi, nikawa naandika tu: imejaa,
imejaa,
imejaa.

Na mfagizi aliyevimbiwa hupiga yowe.
Wenzake wanalisikia, wanakuja mbio na moto mkononi,
mwizi hawamwoni, lakini moto wameshauleta,
basi wanaunguza ukuta wa nyumba yenyewe.
Ndicho kile kifua kinachobana kiangazi na masika.
Halafu siku moja anaingia mwizi wa kweli,
kidudu kidogo, cha kawaida,
ambacho zamani kingeliwa kabla ya chai ya asubuhi.
Kinampita mlangoni taratibu.
Anakiona.
Mdomo umejaa.

Daktari Okwir akainama juu ya bega langu.
"Anavuta sigara?"
"Hajawahi."
"Anapikia kuni, basi."
"Gesi. Mtungi nilimnunulia mimi."
Akanyamaza. Akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe,
kisha akalitazama lile pindo
kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama slaidi.

Jioni nikampelekea dawa.
Nilimkuta uani, siku yake ya mapumziko, anafagia.
Nikamwambia: mama, kifuani mwako kuna mwanamke mwingine
mwenye ufagio, anakula taka za Kibuye, hana pa kuzimwaga.
Alicheka hadi kikohozi kikamkaba,
akashika nguzo ya kamba ya nguo,
akatema, akafukia kwa unyayo.
Machozi yakimtoka bado, akauliza:
"Na yeye mshahara wa Mei
hawajampa?"