Anatoka

Jina lake sitalitaja. Limetajwa sana,
na mwenyewe hana hata jiwe la kuliandikia.
Mhispania, mtu wa mashairi na michezo,
aliyepakia jukwaa ndani ya lori
akawapelekea wakulima wasiojua kusoma.
Mwezi wa nane, usiku, walikuja kumchukua.
Mengine ni udongo.

Kitabu chake niliachiwa na mpangaji wa ghorofani,
bibi wa Sevilla aliyekuja Lamu kwa wiki mbili
akakaa miaka sita, akaondoka na paka wawili.
Nilikiweka kidakani, ubavuni mwa juzuu ya Amma.
Mama akakihamisha: "Si mahali pake."
Nikakirudisha.

Asubuhi nilifundisha, alasiri nilikaa dakani
na kamusi isiyo na jalada.
Nikakuta vyombo vyetu ndani ya nyumba ya watu:
sukari kwao ni azúcar, meza ni mesa,
na wakitamani jambo husema ojalá,
neno ambalo, ukilitegea sikio,
Mwenyezi Mungu bado yumo, amenyamaza.
Lakini kanisa lao, iglesia,
lilipofika pwani yetu mdomoni mwa Mreno
liligeuka gereza.
Hilo nililicheka. Wakati ule nilikuwa nacheka.

Mizeituni ilinishinda. Mola ameiapia,
tunaisoma tangu chuoni,
ila nani hapa Langoni amelala kivulini mwake?
Niliandika mkoko, nikafuta.
Niliandika mzeituni, nikauacha uwe mgeni.

Shebwana, mdogo wangu, alinisomea sehemu za wanaume.
Fundi wa milango, vumbi la mbao nyusini,
alimsoma bwana harusi kama mtu anayekadiria bei.
Mpenzi alipoita, alikataa "njoo" yangu ya shuleni.
"Mtu wa Amu haiti hivyo," akasema. "Ndoo!"
Mhariri wa Nairobi akaniandikia kwa wino mwekundu:
Kwa nini kijana huyu anaita ndoo? Maji yamekatika?
Tulicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Kisha ukaja mwaka wa amri ya kutotoka nje.
Walikuja watano. Mmoja alivua viatu mlangoni,
sijui kwa nini nakumbuka hilo.
Walisema ni maswali mawili matatu.
Mezani palibaki kitendo cha tatu
na kahawa yake, nusu kikombe.

Tumeuliza kituoni, tumeuliza Mokowe, tumeuliza Mombasa.
Kuna daftari kubwa; kidole cha karani kinashuka, kinashuka,
jina halipo.
Matanga mama hajaweka.
"Matanga huwekewa maiti," anasema. "Nionyesheni."

Nilijaribu kumlilia kwa mizani, nane kwa nane:
Kaburi lako li wapi, nipeleke udi wangu,
Mlango ni upi, upi, niugonge kwa uchungu
na hapo nikasimama, kalamu juu.
Sikujua ni yupi kati yao ninayemwandikia.

Mwaka huu nimerudi kwenye kitendo cha tatu.
Kuna elekezo la neno moja, pembeni: Sale.
Kamusi yasema: anatoka.
Lakini yule bibi, kwa barua, kaniambia
wa kale wao walimwandikia hivyo mtu
anayetoka nyuma ya pazia, anayeingia.
Kumbe na letu ni lile lile.
Mtu hutoka, akaenda zake.
Jua nalo hutoka, watu wakaamka.

Nimeandika Anatoka, sikuongeza kitu.
Nilipomsomea mama, aliendelea kuchambua mchele.
Usiku nikamsikia akishuka ngazi polepole
hadi kwenye mlango ule ambao Shebwana
hajamaliza kuuchonga ubavu wa kushoto.
Komeo likalia.
Alikuwa analiondoa.