Tano Isiyo Tano

Chipu hii inajua maneno mawili:
tano, na sifuri.
Ukiiomba mbili na nusu, haina.
Itakupa tano kwa nusu ya muda,
sifuri kwa nusu iliyobaki,
mara mia nne na tisini kwa sekunde,
kisha ikuachie wewe kazi ya kupatanisha.

Feni ya tanuri la Bi Asumpta haitaki mabishano.
Inataka volti iliyotulia,
la sivyo inanguruma, inakata, inanguruma,
na korosho zinaungua upande mmoja wa trei
kama mwaka jana, kikundi kizima kikala hasara na moshi.

Basi naweka rizista, kilo-omu kumi,
na kapasita, mguu mmoja njiani, mmoja ardhini.

Hapa Newala fedha nayo huja kwa mapigo.
Mnada wa Novemba: noti mpaka kwenye soksi.
Halafu kimya,
kimya mpaka watu wanaingia porini kuchimba ming'oko.
Mama alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga
juu ya kabati, nyuma ya Bikira Maria.
Aliujaza kwa pupa, akautoa kwa kijiko.
Aprili yetu ikakaribia kufanana na Desemba.
Kazi ya kapasita niliijua
kabla sijalijua jina lake.

Kwenye kioo cha oskiloskopu bado kuna matuta,
robo volti kutoka bondeni hadi kileleni.
Nikiweka kapasita kubwa mara kumi, yatalala,
lakini na feni itachelewa kusikia:
nitaiambia punguza, korosho zimeshakuwa mkaa.
Mkebe mkubwa mno hufundisha ubahili.
Heri niyaharakishe mapigo yenyewe,
elfu thelathini na moja kwa sekunde.
Matuta yamelala. Nashika mita.

Mbili nukta tatu moja.

Nahesabu upya. Nusu ni nusu.
Ng'ambo ya barabara
mashine ya Nambunga imeanza kusaga muhogo
na taa juu ya meza yangu imekuwa ya njano.
Napima pale yanapotoka yote:
tano ya chipu ni nne nukta sita mbili.
Siku nzima nimegawa kwa haki
kitu kilichopunjwa tangu mwanzo.

Ipo chipu nyingine, ndogo, ya rejea.
Ilishe tisa, ilishe kumi na mbili,
yenyewe inasema tano.
Nikayapitisha mapigo kwake yapimwe upya,
na baada ya kapasita nikaweka opampu ibebe mzigo,
feni isije ikanywa kwenye akiba.

Saa tisa Nambunga akawasha tena.
Taa ikafifia.
Mbili nukta tano sifuri.

Bi Asumpta hakuitazama mita.
Alichukua korosho ya katikati ya trei,
akachukua ya pembeni kabisa,
akatafuna moja, akanyamaza, akatafuna ya pili.
"Hizi ndugu," akasema.

Akanilipa nusu.
Nyingine, Novemba.