Rufaa

Mwaka wa kwanza walisema ni salfa.
"Unapuliza mikorosho bila kufunga uso?"
Nafunga, nikasema.
Akaandika: hafungi.

Mwaka wa pili, mkorogo.
Nesi alinivuta pembeni ili kunisitiri:
"Dada Somoe, wanawake tunajuana. Ulipaka nini?"
Mafuta ya nazi. Sabuni ya kipande.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na hataki ugomvi.

Katikati ya hapo: malaria, malaria, yutiai,
taifodi ya kuongezea, malaria.
Ukimwi mara tatu, hakuna.
"Pumzika, mama. Punguza mawazo."
Niyapunguzie wapi? Mnadani, kwa kilo?
Niyapeleke ghalani kama korosho ghafi
nisubiri malipo ya pili?

Bibi yangu alichanjwa nembo usoni, huko Kitangari,
kwa wembe na mkaa wa mbarika.
Alijua nani kamchora, na kwa nini.
Yangu imejichora yenyewe:
bawa shavu hili, bawa shavu lile,
pua katikati ndiyo kiwiliwili.
Nikitoka juani kipepeo huyu anawaka.
Nikijifungia siku nne anafifia,
na siku ya kliniki, bila shaka, amelala.
Daktari anaona uso. Haoni kitu.

Ndipo nikachukua daftari la hesabu la Shamte,
kurasa za nyuma, zile za miraba.

Tarehe 3: vidole havikunji. Kifungo cha shati la mtoto kimenishinda.
Tarehe 9: vidonda mdomoni. Hata ugali umekuwa mkali.
Tarehe 10: nywele kwenye kitana. Nimezihifadhi.
Tarehe 17: nimelala kutwa. Mume kasema uvivu.
Kisha akaosha vyombo, kimya.
Tarehe 18: mkojo una povu.

Mara ya tisa, Newala. Dirisha, namba, benchi.
Daktari mgeni, kijana, anaandika kabla sijakaa.
Nikaweka daftari juu ya mkono wake, kalamu ikiwa humo humo.
Sikupaza sauti. Nilisema tu,
"Siinuki mpaka ufike tarehe 18."

Akasoma. Nikaanza kuisikia feni.
Akarudi ukurasa wa kwanza.
Akauliza lile povu lilidumu siku ngapi,
akaniomba nishushe mtandio, akatazama nywele zilipokatikia.
"Kuna kipimo," akasema, "kinaitwa ANA."
Ana nini? nikamuuliza.
Naye, wa kwanza kati ya wote waliovaa koti lile:
"Sijui. Na hapa hatukifanyi."

Ile sijui yake niliibeba nje taratibu,
kama ndoo iliyopanda mlima wote wa Newala
bila kumwagika.

Rufaa, kwa wanaokwenda mahakamani,
ni kuikataa hukumu.
Karatasi yangu ina mhuri, wino umevuja pembeni,
ina neno moja, lupasi,
na kabla ya neno, alama ya kuuliza.
Miaka miwili nimepewa nukta.
Nimeikunja nikaitia kwenye mfuko wa nailoni,
pamoja na zile nywele.

Kwa mkata tiketi wa basi la Dar sikusema naumwa.
"Nipe upande usiopigwa na jua."
Akanitazama. Asubuhi ile kipepeo alikuwa amewaka,
mabawa yote mawili.
Akakuna kidevu, akageuka kutafuta mashariki,
akahesabu barabara kwa vidole.
"Kaa kushoto mpaka Nangurukuru.
Hapo jua litakuwa utosini. Kisha hamia kulia.
Nakuandikia viti viwili, nauli moja.
Ukiulizwa, sema Bakili karuhusu."