Lori la Nyuma

Limefungwa ufagio wa chelewa kwenye bampa,
mpya, una utepe mwekundu. Hawakuficha kazi yake.
Masaa matatu, wametangaza pale Boma,
kisha barabara inarudishiwa ng'ombe na bodaboda,
na aliyebaki njiani atapandishwa.

Dakika nane na nusu kwa kilomita.
Nilizikokotoa jana usiku nyuma ya stakabadhi,
maana mimi ni mtu wa hesabu: Nandudu, afisa mikopo,
miaka arobaini na sita,
goti la kushoto lina kauli yake.

Kutoka Kapchorwa mjini barabara inashuka.
Inashuka kama maneno ya mtu anayekuja kukopa.
Hewa baridi, majani ya migomba yanapiga makofi,
watoto wananipita pekupeku,
wanacheka, wanarudi, wananipita tena.
Kilomita ya tano, nina akiba ya dakika sita.
Ya tisa, nane.
Nikajiona tajiri,
mimi ninayewaambia watu kila Jumatatu
kwamba mteremko ni mkopo.

Tukageuzwa kwenye pipa la buluu, karibu na daraja,
na mlima ukafungua daftari.

Kumi na mbili. Udongo umenata,
kila kiatu kimebeba shamba la mtu.
Kumi na tatu, natembea na kujidanganya kwamba nakimbia.
Kumi na nne, nikalisikia.
Lori likiwa gia ya kwanza halina haraka,
lina uhakika.

Naijua sauti hiyo. Nimeisikia nikiwa mbele, kando ya dereva,
faili magotini, tukipanda njia kama hizi
kufuata cherehani, mabati ya paa,
na mwezi wa tatu, mtamba wa Cherotich,
mwenye doa jeupe kwenye paji,
aliyegoma kupanda mpaka tukamsukuma watu wanne.

Dereva ameteremsha kioo, kijana mwenye adabu.
"Mama, panda tu. Kuna maji. Kuna pa kukaa."
Nyuma wako watano, blanketi mabegani,
wanatazama miguu yao
kama watu walio kwenye benchi nje ya ofisi yangu.
Nikamwambia: bado nina dakika mbili.
"Moja, mama," akasema.
Alikuwa sahihi.

Kumi na saba, meza ya maji.
Mwanamke wa gambuti akanimwagia kopo zima shingoni,
akanipa la pili, akanitazama usoni,
nami sikuwa na faili la kujifichia.
Cherotich akaliangalia lori.
"Leo wanakufuata wewe."
Hakucheka.
Kisha akapiga kofi moja, kavu,
kama anayetoa ng'ombe kwenye mahindi:
"Enda! Enda!"
Nikaenda.

Ya kumi na tisa siikumbuki.
Ya ishirini niliikopa kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine.
Ishirini na moja, nikadhani nimemaliza,
kumbe waliopima mbio hizi, Mungu awaone,
waliongeza mita tisini na saba,
riba ndogo isiyosomwa kwenye fomu.

Masaa mawili, dakika hamsini na tisa, sekunde kumi na tisa.
Salio, sekunde arobaini na moja.
Nilizilalia kifudifudi kwenye nyasi za Boma
hadi zikaisha.

Lori likaingia, likazima injini.
Baadaye dereva akauliza nani anashuka Mbale.
Nikapanda nyuma. Watano wakasogea.
Mmoja akavunja hindi la kuchoma,
akanipa kipande kikubwa, bila kuuliza namba yangu.
Medali nikaitia mfukoni, ilikuwa inagongagonga.

Tulipopita kumi na saba meza ilikuwa imekwisha kukunjwa.
Gambuti zilikuwa zinapanda kijia cha kwenda kwake,
polepole,
kamba mkononi,
mwisho wa kamba hakuna kitu.