Hodi ya Nne

Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku, Kaunas.
Theluji imeegemea kidirisha cha chumba cha chini
na Ugnė, soksi mbili mbili miguuni,
anakoroga chai ya maua aliyoyakausha mama yake.
Juu yake hospitali ghorofa tano imelala,
isipokuwa wanaojifungua na wanaokata roho,
na mashine zinazowahesabia pumzi.

Kwenye skrini, mtu anabisha.

Kanuni aliitunga Ugnė mwenyewe:
hodi tatu, kisha mlango unageuka ukuta.
Mtu anabisha mara tatu, anagonga ukuta,
anazunguka nyumba, anarudi na jina jingine.
La daktari wa meno aliyestaafu.
La mpishi.
La Povilas mfagiaji, aliyefariki Machi,
ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta.

"Hivi wanataka nini hasa?"
Mkurugenzi Gintautas huuliza kila robo mwaka,
akitia sahihi bajeti kama anayetolewa damu.
"Pesa," hujibu Ugnė,
maana pesa ni jibu fupi
na mkurugenzi ana kikao.

Jibu refu lina miaka kumi na minne,
limekaa jikoni, ghorofa ya nane,
na bibi amelala na koti.
Joto la mtaa mzima lilipita katika bomba moja,
na siku ya kulifungulia ilijulikana ofisini tu.
Ugnė akaingia ofisini bila kuinuka kitini.
Nywila yao ilikuwa neno "kiangazi".
Akasoma tarehe: kumi na tisa Oktoba.
Akamwamsha bibi, akamwambia.
Bibi akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi siku tisa,"
akajifunga skafu ya pili, akageukia ukutani.

Haikumpasha joto yeyote, habari ile.
Ila kwa siku tisa mtoto mmoja
alijua jambo ambalo mji haukulijua,
na akatembea shuleni kama mwenye jua mfukoni.

Usiku uliofuata alirudi.
Safari hii hapakuwa na baridi ya kusingizia.
Akafungua barua ya karani kwa mumewe, nusu yake,
imekatikia kwenye neno "lakini".
Akazima kompyuta.
Masikio yalimwaka kama aliyefumaniwa,
na hakuna aliyemfumania.

Usidhani alitubu.
Mlango uliofungwa bado humwasha viganja.
Fumbo ni lile lile, amelishika kwa upande wa pili,
na upande huu ni mzito zaidi:
yule wa nje huota ufa mmoja,
yeye huota madirisha yote,
hata yale yaliyojengwa kabla hajaajiriwa.
Yule akifaulu, ana la kusimulia.
Yeye akifaulu, kunakucha tu.
Nani atamshukuru mtu kwa sababu kumekucha?

Saa kumi kasorobo. Povilas anabisha tena,
marehemu mwenye bidii kuliko alipokuwa hai.
Ugnė anamkumbuka: ndoo ya bluu,
mluzi usiofika mwisho wa wimbo.
Anamfuta. Kidole kinasita kwanza,
kama anayemfumba mtu macho.

Kimya.
Kisha, pale panapoandikwa jina la mtumiaji,
herufi zinajipanga moja moja:
"yra kas nors?"
Kuna mtu?

Pengine ni programu, mtego wa kumfanya ajitokeze.
Pengine ni kijana, jikoni kwao, mwenye bibi.
Ugnė anaitazama hodi hiyo ya nne
mpaka chai inaota utando.
"Karibu" ndilo neno pekee
ambalo hajaajiriwa kulisema.

Anaziba njia aliyopitia mgeni.
Katika daftari la zamu anaandika saa,
idadi ya majaribio, na chini yake:
hakuna kilichotokea.

Ghorofa ya tatu mtoto analia, wa dakika chache,
bado hana jina katika mfumo.
Ugnė anavuta kibodi karibu
kumfungulia nafasi.